Turubai Mbele ya Chumba cha Fundi

Kikundi chetu cha vijana pale Ilomba kilianzishwa ili tupate mkopo wa halmashauri. Mkopo hatukuupata, lakini kufikia siku tunanyimwa tulikuwa tumeshachagua viongozi, tumeshagombana juu ya rangi ya fulana, na tumeshanunua turubai, viti vya plastiki na masufuria mawili ambayo ndama angeweza kuoga ndani. Kuvunja kikundi kungekuwa hasara. Tukaendelea kukutana, na kwa kuwa vitu tulivyokuwa navyo ni vya msibani, tukawa kikundi cha kuzika.

Mimi nilikuwa katibu. Nilipewa cheo hicho kwa sababu nilikuwa nikiripoti habari kwa redio moja ya mjini, na wenzangu waliamini kwamba mtu anayeweza kumuuliza ofisa swali bila kutetemeka anaweza pia kuandika mihtasari. Mwenyekiti aliuza viatu vya mitumba Mwanjelwa. Alikuwa na sauti ya kuitia wateja, kwa hiyo vikao vyetu vya siri vilisikika hadi barabarani. Mweka hazina alikuwa mshona nguo, dada mwembamba ambaye ulimi wake ulifanya kazi kuliko cherehani yake.

Na alikuwepo fundi. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mzaliwa wa Mlandege, Iringa, aliyehamia Mbeya kufuata kazi. Maneno yake yalikuwa machache na alikuwa na tabia ya kukagua bawaba za milango ya watu kabla hajawasalimia. Misibani ndiye aliyefunga turubai. Sisi wengine tulishika kamba tulipoambiwa tushike, tukaachia tulipoambiwa tuachie, na tukapongezwa kwa pamoja.

Saa yetu nzuri kuliko zote ilikuwa msiba wa baba yake. Tulikodi basi dogo, tukapakia masufuria na turubai, tukaenda Mlandege kuzika. Tulichota maji, tulipasua kuni, tulipika, tulichimba. Siku ya kuondoka mama yake alitusimamisha mstari, akatuangalia mmoja mmoja, akasema kwa Kihehe maneno ambayo fundi alitutafsiria: "Anasema vijana wa Mbeya mnajua kuzika." Sijawahi kusikia kikundi kikisifiwa vile. Mwenyekiti aliirudia sentensi hiyo njia nzima, mpaka Makambako upepo ukamfungia mdomo.

Baadaye shirika moja lilikuja kutupa semina ya afya ya akili. Tulikwenda wote, kwa sababu ilitangazwa kuwa kutakuwa na chakula. Mama mmoja mpole alituonyesha picha ukutani. Alitueleza kuwa kijana akijitenga, akiacha kula, akiacha kazi aliyoipenda, wenzake washtuke. Alisema pia kwamba mtu akianza kugawa vitu vyake anavyovithamini, wasisubiri. Alitutaka tuwe kikundi cha kusikilizana. Tukapiga makofi. Fundi alikaa mstari wa pili, akala sambusa zake na zangu, na alipoulizwa kama ana la kuongeza, akasema projekta imeinama upande.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, karakana yake ikawa haifunguliwi.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na maelezo. Umeme unakatika. Kaenda Iringa. Kapata kazi kubwa Tunduma. Hatukuhangaika, kwa kuwa mwanamume akipotea Mbeya watu hudhani kapata pesa. Mpaka siku moja nilipita mtaa wa nyuma nikamkuta mchomeleaji mwingine, yule aliyekuwa akigombania wateja na fundi, anafanya kazi kwa mashine niliyoifahamu. Ilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa chekundu.

"Hiyo si ya fundi?" nilimuuliza.

"Yake. Kanipa."

"Kakuuzia?"

"Kanipa, dada. Nimemwambia sina hela, kasema chukua tu. Hata mimi sijalala vizuri tangu anipe."

Nilitaka kucheka, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaelewa. Niliikumbuka ile picha ya ukutani, iliyoinama upande. Mtu anayempa mshindani wake mashine ya kazi hafungi biashara tu. Niliogopa kwamba anafunga na mengine.

Fundi alipanga chumba cha uani kwa mama mmoja Mnyakyusa, mjane, mtu wa kanisa na wa majungu kwa viwango sawa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mpangaji wake hatoki ila kuchota maji kabla majirani hawajaamka. "Kodi kalipa," alisema, kana kwamba hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. "Kalipa mbele. Kijana gani analipa mbele?"

Nilibisha mlango. Alijibu kutoka ndani kwamba yupo.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeachwa?"

"Na nani?"

"Unadaiwa?"

"Sidaiwi, dada."

"Sasa nini?"

Nikasikia kitanda kikilia. "Hakuna," alisema. "Ndiyo tabu yenyewe. Hakuna kilichotokea."

Niliitisha kikao jioni ileile kwenye kibanda cha viatu cha mwenyekiti. Hapo ndipo tulipogundua aibu yetu. Katiba ya kikundi ilitambua mambo matatu ya mwanachama: kufiwa, kulazwa hospitali, na kuoa au kuolewa. Kwa kila moja tulijua nani abebe nini. Fundi hakuwa amefiwa, hakuwa amelazwa, na hakuwa na mchumba.

"Baba yake alifariki," mjumbe mmoja alisema.

"Yule tulishamlilia," mwenyekiti alijibu. "Mwaka juzi. Hatuwezi kumlilia mtu mara mbili, wengine watadai."

"Basi tumwozeshe," alisema mweka hazina.

"Kwa nani?" niliuliza.

"Mtu hawezi kukosa. Mbona wewe uliolewa."

Wakacheka. Mimi nikawaeleza habari ya mashine, na kicheko kikakatika. Wote walikuwa kwenye semina. Wote waliiona ile picha. Mwenyekiti alishika kiatu kimoja cha kushoto, akawa anakizungusha mkononi bila kukitazama.

"Twende tukamwambie ajipe moyo," mjumbe alisema.

"Nimeshaongea naye," nilisema. "Huo moyo hana pa kuushikia."

Mwenyekiti akakiweka kiatu chini, na ninalazimika kuandika kwamba wazo lililofuata lilikuwa lake, kwa sababu baadaye alijaribu kumgawia kila mtu.

"Mtu akifiwa tunamwambia nini?" aliuliza.

"Pole."

"Halafu?"

"Halafu tunakaa."

"Ndiyo. Tunakaa. Hatumwambii changamka, hatumwambii piga moyo konde, hatumwulizi utafungua lini karakana. Tunawasha moto, tunapika, tunacheza karata, tunakaa. Akitaka kulia analia, akitaka kulala analala, na kuna watu nje usiku na mchana. Hicho kitu tunakijua. Cha semina hatukijui. Tukamkalie msiba."

"Nani kafa?" aliuliza mweka hazina.

"Hakuna. Hicho kipengele tunakiruka."

Nimeripoti vikao vingi vya watu wenye shahada, na sijasikia hoja iliyonyooka kama hiyo. Tulipiga kura. Wote tulinyoosha mikono.

Kesho yake asubuhi tuliingia uani kwa yule mama na kuni, viti na masufuria. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wanangu, kwangu hakuna aliyekufa."

"Tunajua, mama," alisema mwenyekiti. "Tumekuja kukaa na fundi."

"Kukaa na masufuria?"

"Tutakula pia."

Alitafakari. Aliangalia gunia la viazi, akaangalia kabichi, akauliza nani atapika. Mweka hazina alijibu kuwa ni yeye. Mama akamtazama mikono, akasema hapana, akafunga kanga yake vizuri na kuanza kutoa amri. Kuanzia hapo msiba ukawa wake.

Turubai hatukukusudia kulifunga. Tulilileta kwa mazoea tu, kama mtu anavyobeba mwavuli. Lakini Mbeya haimwulizi mtu mipango yake. Kabla maji hayajachemka mvua ikashuka, ya baridi, ile inayokuja ubavuni. Tukalifungua turubai mbio mbio, tukalifunga kwenye nguzo za nguo, kwenye mparachichi na kwenye dirisha la bafu. Lilining'inia katikati kama tumbo la mlevi na kujaa maji.

Dirisha la fundi likafunguka kidogo. Tuliona jicho moja na ndevu nyingi.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Kukaa," alisema mwenyekiti.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa turubai la nini?"

"Mvua."

Jicho lilipanda juu, likatazama lile tumbo la maji. "Kamba ya kushoto mmefunga vibaya," alisema. "Itawaangukia." Akafunga dirisha.

Ikatuangukia. Lakini tulifurahi mno, tukalifunga upya tukiwa tumelowa, tukijadili kwa sauti kama kamba ya kushoto ni ya kushoto kwetu au kushoto kwake. Dirisha halikufunguka tena. Mchana mama mwenye nyumba aliweka sahani ya wali na maharage mlangoni pake, akabisha mara moja, akaondoka bila kungoja. Saa moja baadaye sahani ilikuwa ndani. Jioni ilikuwa nje, tupu. Mwenyekiti alipangusa uso akidai ni moshi.

Kosa letu lilikuwa kufikiri kwamba sisi peke yetu ndio tunaoliona turubai.

Huku kwetu watu wakiona turubai la buluu limefungwa uani na moshi unatoka chini yake, hawaulizi. Wanawake wanafunga kanga viunoni, wanaume wanavuta koti, wanakuja. Mtu hulia kwanza, kuuliza baadaye, kwa sababu kuuliza kwanza ni ukosefu wa adabu. Mchana ule walianza kuingia. Mama mmoja aliingia akilia kwa sauti nzuri sana, akazunguka uani mara mbili, akakaa, ndipo akanong'ona, "Ni nani?" Tulipomwambia hakuna, aliona tumemdharau.

Wengine waliondoka. Wengine walibaki, kwa sababu chakula kilikuwa kinaiva na nyumbani hawakuwa wamepika. Mzee mmoja wa mtaa alichukua kiti cha mbele na kutuhutubia juu ya ubaya wa vijana wa siku hizi kufa ovyo. Tulimweleza. Akasema hata hivyo, ujumbe wake unabaki palepale. Kila tulipomrudisha mtu mmoja, wawili walikuwa wanapita barabarani, wanaliona turubai, wanaondoka na habari. Na habari ya msiba ina miguu. Ya kwamba hakuna msiba haina. Nani angemsimamisha mtu barabarani kumwambia hakuna aliyekufa?

Watu wa Iringa wanaoishi Mbeya wana kundi lao la simu. Mmoja wao, dereva wa bodaboda, alipita, akaona turubai la kikundi chetu mbele ya chumba cha fundi, akaona sisi wenyewe na masufuria yetu, na hakumwona fundi aliyekuwa daima akifunga kamba. Akajumlisha. Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningeitangaza redioni.

Siku ya pili, jua likiwa juu, mwenyekiti alipigiwa simu na namba asiyoijua. Nilimwona akisimama, akakaa, akasimama tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kamati ya msiba ya watu wa Iringa," alituambia alipokata. "Wanasema mama wa marehemu kapita Makambako. Tuandae watu wa kumpokea."

Niliona uso wa mweka hazina ukipauka. Yule mama wa Mlandege alikuwa ametuona tukimzika mumewe. Aliposikia kwamba turubai letu limefungwa mbele ya chumba cha mwanawe, angewezaje kutilia shaka? Tuliopewa sifa ya kujua kuzika ni sisi. Alikuwa amepanda basi la alfajiri akiwa na mashangazi wawili wa fundi, amekuja kumchukua mtoto wake ampeleke nyumbani.

Simu ya fundi ilikuwa imezimwa tangu hatujui lini. Namba ya mama yake hatukuwa nayo. Nilikwenda mlangoni, na kila neno zuri nililojifunza katika kazi yangu likanikimbia.

"Fundi," nilisema. "Mama yako yuko njiani. Anakuja kukuzika."

Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka wote. Alikuwa amejifunga blanketi, amekonda, nywele zimesimama upande mmoja. Yule mama aliyelia jana akaanza tena, safari hii kwa woga.

"Nani kamwambia nimekufa?"

"Turubai," alisema mwenyekiti.

"Niliwauliza turubai la nini. Niliwauliza."

"Ulituuliza."

"Nyie ni watu wazima?"

"Shika simu, kaka, tutukane baadaye," alisema mweka hazina, akamnyooshea simu yake. "Namba unaijua kwa kichwa?"

Aliijua. Akaibonyeza. Mweka hazina akaweka sauti ya nje, na uani kote tukasikia mngurumo wa basi, kisha sauti ya mama, imekauka.

"Nani?"

"Kamwene, mama," fundi alimsalimia kwa Kihehe. "Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu yuko chini ya turubai. Wewe mwenye kuiga sauti yake, Mungu anakuona."

"Mama, niko hai. Nimesimama hapa."

Tulisikia akipumua. Basi lenyewe lilikuwa kimya. Baadaye tuliambiwa kondakta alizima muziki kwa heshima yake tangu Iringa. Kisha akasema polepole, "Kama ni wewe, siku ya kipaimara chako nilikuchapa kwa nini?"

Fundi alitutazama sote, pamoja na mzee wa mtaa na mama mwenye nyumba. "Nilikunywa pombe ya ulanzi," alisema.

"Wa nani?"

"Wa mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Yule mwenye jino."

Kilichofuata hakikuwa neno. Ilikuwa sauti ya mtu anayeachia kitu kizito mguuni pake. Halafu basi zima likaanza kuongea kwa mpigo. Tulimsikia mama akimwambia dereva asimame, na dereva akijibu kuwa Igawa ni hapo mbele. Kisha akarudi kwenye simu.

"Nashuka Igawa. Sisogei mbele hata hatua. Kama uko hai, njoo nikuone kwa miguu yako mwenyewe."

Akakata. Fundi alibaki ameshika simu. Nilijua, na nadhani sote tulijua, kwamba hajavuka geti lile mchana kwa muda mrefu. Alitazama geti kama mtu anayetazama mto uliofurika. Mama mwenye nyumba ndiye aliyesogea, akachota maji ya moto kwenye sufuria kubwa, akajaza ndoo, akaiweka miguuni pake.

"Oga, mwanangu. Huwezi kumwendea mama yako ukinuka hivyo, atasema kweli umekufa."

Alioga. Mwenyekiti alimpa viatu kutoka kibandani, kwa kuwa vya fundi vilikuwa vimeota ukungu. Tulikodi gari, tukapanda wanne: yeye, mwenyekiti, mweka hazina na mimi.

Njiani hatukumwuliza kitu. Tulipita Uyole, Igurusi, Chimala, mashamba ya mpunga yakawa yanafunguka upande wa kushoto. Ni yeye aliyeanza, akitazama dirishani.

"Nilishakwenda hospitali," alisema. "Ile kubwa. Nilikaa kwenye benchi la hao wa akili. Akaja mteja wangu, yule wa geti la maua, akaniuliza, fundi, na wewe? Nikamwambia jino. Nikaondoka."

"Na yeye alikuwa amefuata nini pale?" aliuliza mweka hazina.

Fundi alimgeukia. Nafikiri swali hilo halikuwa limewahi kumjia. "Sijui," alisema.

Igawa ni mahali ambapo mabasi husimama watu wale, wakojoe na wanunue mchele. Tulimkuta mama amekaa juu ya gunia pembeni mwa barabara, mashangazi wamesimama kila upande kama walinzi, na wachuuzi wamemzunguka wakiwa wamesahau kuuza. Alipotuona, alisimama. Fundi alimwendea. Mama alimpiga kofi moja zuri, kisha akamshika masikio, shingo, mabega, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kuku wa kununua. Wachuuzi walipiga vigelegele. Mmoja akatuletea vitunguu vya bure.

Kisha mama akatugeukia sisi. Mwenyekiti alipiga hatua nyuma.

"Mume wangu mlimzika vizuri," alisema. "Huyu mtaniachia."

"Ndiyo, mama."

"Anaumwa nini?"

Shangazi mmoja alisema karogwa, anajua na aliyemroga. "Wifi, nyamaza," alisema mama bila kumgeukia. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Fundi alikaa chini, palepale kando ya gunia, akiwa ameinamisha kichwa. Alisema taratibu, na kelele za malori zilimlazimu arudie baadhi ya maneno, jambo ambalo bila shaka lilimuumiza. Alisema hana raha, na hajui tangu lini. Asubuhi anavitazama viatu vyake na kuona kuvivaa ni kazi kubwa kuliko kuchomelea geti la kanisa. Hajafiwa, hajaibiwa, hajakosewa na mtu. Alianza kufikiri kwamba asipokuwepo itakuwa nafuu kwa kila mtu, na ndiyo maana aliitoa mashine.

Mama akakaa tena kwenye gunia. Alichukua muda kukunja upindo wa kanga yake nyeusi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza sababu."

"Ningeuliza, ndiyo. Mimi ni mama yako. Ungesema huna, tungekaa hivyohivyo bila sababu. Kwani mvua ina sababu?" Halafu akatunyooshea kidole, sisi watatu tuliosimama na vitunguu. "Na nyie. Mmeleta kuni, mmeleta masufuria, mmeita mji mzima. Hospitali mmempeleka?"

Tulikuwa tumeketi semina nzima, tumepiga kura, tumechinja kabichi kumi na kitu. Hospitali ilikuwa umbali wa kutembea.

"Hatukufika huko, mama," mwenyekiti alisema.

Hivyo ndivyo asubuhi ya Jumatatu tulivyojikuta kwenye lile benchi. Kikundi kizima kilitaka kuja, na mama mwenye nyumba alishaanza kumenya viazi. Fundi alikataa. Alisema anataka mama yake, mwenyekiti na mimi, na turubai libaki nyumbani. Hata hivyo nilimwona mweka hazina nje ya uzio, anajifanya anachagua ndizi.

Nisiseme uongo: hakupona siku hiyo, wala mwezi huo. Mpaka leo zipo siku karakana haifunguliwi, na siku hizo mmoja wetu hupeleka kiti pale nje na kukaa, hata kama hakuna mazungumzo. Mshindani wake alirudisha mashine, ameibadilisha waya, na akaudhika aliposhukuriwa. Lakini Jumatatu ile hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba fundi anautazama mlango wa kutokea kila baada ya muda, na kwamba mwenyekiti, ambaye hakuwa amelala, anatetemeka goti.

Muuguzi alitokea mlangoni, akatutazama wanne tulivyobanana. Macho yake yakatulia kwa mwenyekiti.

"Mgonjwa ni huyu?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukataa. Mama akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshainua mkono ili nieleze.

"Ni mimi," alisema fundi. Alisimama. Mama yake naye akasimama, akachukua mkoba wake. "Kaa, mama," alimwambia. "Nitaingia."

Aliingia, mlango ukafungwa. Benchi lilikuwa limejaa, na mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama ukutani akasogea kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Mama akaweka mkoba wake pale kabla hajafika.

"Hapa pana mtu," alisema. "Yuko ndani. Anarudi."